Simu, Picha na Barua: Mwongozo Kamili wa Kulinda Faragha ya Mwandamanaji wa Amani Jijini Nairobi

Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu nchini Kenya haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Ibara ya 31 inalinda faragha yake: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, asinyang'anywe vitu vyake, habari za familia au mambo yake binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Hakuna mahali ambapo Katiba inasema kwamba anayetumia haki ya kwanza amejivua ya pili. Hata hivyo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilirekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara au kutoweka kuanzia maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha ya Juni 2024 hadi Desemba mwaka huo, na tangu wakati huo wakazi wengi wa Nairobi hujiuliza ni nani anayejua kwamba walikuwa barabarani, na alijuaje.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa siku yenyewe: maandalizi ya nyumbani, saa za barabarani, kituo cha polisi iwapo mambo yatafika huko, kisha barua zinazopaswa kuandikwa baadaye. Ni mwongozo wa jumla, na hauchukui nafasi ya wakili anayeijua kesi yako.

Hatua ya kwanza: Jua alama unazoziacha

Watu wengi huanza kwa kuogopa kamera za barabarani. Zipo, kwani mfumo wa usalama uliowekwa kwa ajili ya polisi miaka kumi hivi iliyopita ulileta kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa, na juu yake kuna kamera za maduka, benki na majengo ya watu binafsi. Lakini kwa maoni yangu kamera hizo si chanzo kikubwa cha habari kumhusu mwandamanaji. Chanzo kikubwa ni simu yake mwenyewe, kikifuatwa kwa karibu na picha zinazopigwa na kusambazwa na wenzake kwa nia njema kabisa.

Simu iliyowashwa hujitambulisha kwa mnara ulio karibu hata kama hujampigia mtu, na kampuni ya simu hubaki na rekodi ya nani alimpigia nani, saa ngapi na kupitia mnara upi. Kununua laini mpya hakusaidii kama watu wanavyodhani. Laini yoyote Kenya husajiliwa kwa kitambulisho, na kifaa chenyewe kina nambari yake ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#. Ukitia laini mpya katika simu ileile, mtandao unaona kifaa kilekile. Kuazima laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu yako ni kumhamishia shida isiyo yake.

M-Pesa nayo huandika historia. Nauli ya matatu, chupa ya maji karibu na Jengo la Kumbukumbu za Taifa, mchango wa shilingi mia moja wa kuwalipia waliojeruhiwa: kila muamala una saa na jina la aliyetuma au aliyepokea. Siku hiyo beba pesa taslimu, noti ndogondogo.

Kuna alama nyingine ambayo watu huisahau kabisa. Fungua daftari la mlinzi katika jengo lolote la ofisi kando ya Moi Avenue: safu ya kwanza ni jina, ya pili nambari ya kitambulisho, ya tatu nambari ya simu, ya nne saa ya kuingia, ya mwisho sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi, na anayekuja baada yako anayasoma yako yote huku akiandika yake. Mtu aliyekimbilia ndani kukwepa vitoa machozi ameacha hapo ushahidi wa mahali alipokuwa na saa aliyofika, katika kitabu kisichojulikana kitatupwa wapi kikijaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari zako akueleze sababu, na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Una haki ya kumuuliza mlinzi, kwa heshima, kwa nini nambari ya simu inahitajika ilhali kitambulisho amekwisha kukiona.

Hatua ya pili: Itayarishe simu siku moja kabla

Swali la kwanza ni kama uende nayo au uiache. Wapo wanaoshauri kila mtu aiache nyumbani, na kiufundi wana hoja. Mimi siwashauri watu hivyo hapa Nairobi, kwa sababu mtu akichukuliwa na watu waliovaa kiraia, simu ya mwenzake ndiyo itakayorekodi gari, nambari na mwelekeo, na ndiyo itakayompigia wakili. Njia iliyo bora ni kwenda kwa kikundi kidogo cha watu wanaoaminiana, ambamo wawili wana simu zilizosafishwa vizuri na waliobaki wameziacha zao. Simu iliyosafishwa ni ile isiyo na barua pepe za kazini, picha za watoto, wala mazungumzo ya miaka mitano iliyopita ambayo hayahusiani na siku hiyo.

Kwa simu utakayoibeba, fanya mambo yafuatayo, na uyafanye kwa mpangilio huu kwa sababu la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Weka nambari ya siri ya tarakimu sita au zaidi, isiyofanana na ile ya M-Pesa wala mwaka wako wa kuzaliwa, kisha ondoa kufungua kwa alama ya kidole na kwa uso. Kidole chako kinaweza kushikwa na kubandikwa kwenye kioo kwa nguvu, lakini nambari iliyo kichwani haichukuliwi kwa namna hiyo. Ukijikuta ghafla mahali pa hatari kabla hujaiondoa, zima simu, kwa kuwa ikiwashwa tena haitakubali kidole wala uso mpaka nambari iingizwe, na ikiwa imezimwa yaliyomo ni magumu zaidi kutolewa.

Baada ya hapo weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe. Hatua hii hupuuzwa na karibu kila mtu. Bila hiyo, anayeichukua simu yako anaweza kuichomoa laini, kuitia katika simu nyingine, kuomba WhatsApp imtumie nambari ya uthibitisho, na kuingia katika makundi yako yote kwa jina lako. Katika WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoitambua, iondoe papo hapo. Zuia jumbe zisionekane juu ya skrini iliyofungwa. Zima huduma ya mahali, na uiondolee ruhusa hiyo kila programu isiyoihitaji.

Kwa mazungumzo ya kupanga, programu ya ujumbe iitwayo Signal ina manufaa mawili ya wazi: jumbe zinazojifuta baada ya muda mnaouchagua, na uwezo wa kutumia jina badala ya kuonyesha nambari ya simu. Kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu lisichukuliwe kuwa faragha hata kidogo. Kila aliyemo anaona nambari za wenzake, na inatosha mmoja apige picha ya skrini. Yaliyo ya umma, kama saa na mahali pa kukutania, yatangazwe huko bila wasiwasi. Majina ya wanaojitolea kubeba majeruhi au nyumba watakamolala wageni yasiandikwe humo.

Neno moja kwa waandalizi. Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka wampe afisa wa polisi notisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano, ikitaja jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali au njia itakayofuatwa. Hii ni taarifa tu, haiombi kibali. Jazeni kinachotakiwa na sheria, na mkiombwa orodha ya wanachama, nambari zao au kurasa zao za mitandao, ulizeni kwa maandishi ni kifungu kipi kinachodai hivyo. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri.

Hatua ya tatu: Barabarani, na hasa suala la picha

Andika nambari ya wakili kwa kalamu ya wino kwenye mkono, ndani ya shati. Beba kitambulisho, dawa zako, maji, na nguo ya pili ya rangi tofauti. Ondoa shingoni kitambulisho cha kazini au cha chuo, kwa maana mtu akikikuza kwenye picha atapata jina, idara na wakati mwingine nambari ya usajili.

Picha ndizo zinazohitaji utulivu mkubwa zaidi, kwa sababu hapa mambo mawili mazuri yanagongana. Ushahidi wa video umewasaidia Wakenya kuonyesha ni nani aliyefyatua risasi na ni nani aliyepigwa akiwa amekaa chini. Lakini video hiyohiyo, ikipandishwa mtandaoni ilivyo, humpa anayefuatilia watu nyuso mia moja zilizo wazi, pamoja na mahali na saa. Utatuzi wake ni kutenganisha matumizi mawili: nakala ya ushahidi ihifadhiwe nzima, na nakala ya kusambaza ibadilishwe.

Nakala ya ushahidi usiikate, usiitie maandishi, usiipunguze. Iweke mahali salama mbali na simu, na uandike tarehe, saa, mtaa na jina la aliyeipiga, kwa sababu kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na kwa kifaa gani. Nakala ya kusambaza ifanyiwe kazi kabla haijaondoka mikononi mwako. Funika nyuso kwa rangi nzito isiyopenya, kwani ukungu mwepesi huacha umbo la uso. Tazama pia michoro ya mwilini, viatu vya rangi isiyo ya kawaida, nambari za pikipiki na mabango yenye majina. Ukimaliza, piga picha ya skrini ya picha hiyo na usambaze hiyo ya skrini, ili habari zilizojificha ndani ya faili, kama mahali na aina ya simu, zisisafiri nayo. WhatsApp huziondoa unapotuma kama picha ya kawaida, lakini huziacha zilivyo unapotuma kama faili. Epuka kurusha mubashara nyuso za watu walio karibu nawe. Elekeza kamera kwa maafisa, kwa mabango, au nyuma ya umati.

Usifikiri kwamba kwa kuwa mtu yuko barabarani picha yake ni ya kila mtu kuitumia atakavyo. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alilitoza baa moja la Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Picha ya mtu ni data yake. Ikichakatwa na mashine ili kumtambua kwa umbo la uso, sheria inaihesabu kuwa data nyeti na kuipa ulinzi mkubwa zaidi.

Ukiona mtu anachukuliwa, taja kwa sauti saa, mtaa, rangi ya gari na nambari yake huku ukirekodi, na mwombe anayechukuliwa apaze jina lake. Mwaka 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru kwamba maafisa wanaotumwa kwenye maandamano wavae sare, wasifiche nyuso na watambulike kwa jina au nambari ya utumishi. Kumwuliza afisa nambari yake hakuvunji sheria yoyote.

Hatua ya nne: Ukikamatwa, na wakitaka kuifungua simu

Ibara ya 49 ndiyo ya kuishika kichwani. Aliyekamatwa aelezwe upesi sababu, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kutolazimishwa kukiri lolote linaloweza kutumiwa dhidi yake. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo unaisha nje ya saa za kazi, na ndiyo sababu wanaokamatwa Ijumaa jioni mara nyingi hulala ndani hadi Jumatatu.

Kuchukuliwa simu na kupekuliwa simu ni mambo mawili tofauti. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 48, inamtaka afisa anayehitaji data iliyohifadhiwa kwenye kifaa aombe kibali cha mahakama. Sema kwa utulivu, bila kupaza sauti: "Afande, jina langu na kitambulisho ni hivi. Simu sitaifungua bila kibali cha mahakama na bila wakili wangu kuwapo." Rudia maneno hayohayo kila unapoulizwa. Usidanganye, usifute chochote mbele yao, na usipigane nao ukitetea kifaa. Iwapo kitachukuliwa kwa nguvu, kumbuka jina la aliyekichukua na saa. Ukitishwa au kupigwa mpaka ukaifungua, mweleze wakili na hakimu mara ya kwanza utakapopata nafasi, kwani Ibara ya 50(4) inataka ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi.

Kituoni, hakikisha kwamba kukamatwa kwako na kila kitu ulichonyang'anywa vimeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na upewe nambari ya OB. Simu iandikwe kwa aina, rangi na IMEI. Dhamana ya polisi haina malipo. Usiweke sahihi kwenye karatasi usiyoisoma, na usikubali kutia sahihi kwenye karatasi tupu.

Iwapo mwenzenu hayupo katika kituo chochote, msisubiri kuona kama atarudi. Toeni ripoti kituoni mpate nambari ya OB, ijulisheni Tume ya Haki za Binadamu pamoja na IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, na wakili aende Mahakama Kuu siku hiyohiyo kuomba amri ya kumtaka anayemshikilia amlete mbele ya jaji. Haki hiyo ni miongoni mwa zile chache ambazo Ibara ya 25 inasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Hatua ya tano: Simu ikirudishwa

Usiitie laini, usiiunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, na usifurahie mapema. Mwaka 2025 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba walikuta programu ya kijasusi iitwayo FlexiSPY katika simu zilizokuwa zimechukuliwa na polisi kutoka kwa watengenezaji filamu wa Kenya. Programu ya aina hiyo inaweza kusoma jumbe na kusikiliza maongezi bila mwenye simu kuona lolote.

Ikiwa unadhani utahitaji kuthibitisha kilichofanywa, iache imezimwa na uipeleke kwa mtaalamu kupitia wakili wako, kwa sababu ukiifuta umefuta na ushahidi. Ikiwa huna mpango huo, irudishe katika hali ya kiwandani, na hata hivyo usiitumie tena kwa mambo ya siri. Kwa vyovyote vile, tumia kifaa kingine kubadilisha nywila za barua pepe, mitandao ya kijamii na benki, na uondoe vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti zako. Waarifu waliokuwa katika mazungumzo nawe. Faragha yao nayo iliguswa siku ile simu ilipochukuliwa.

Hatua ya sita: Andika

Hapa ndipo wengi huachia njiani, na kusema kweli hapa ndipo sheria ya Kenya ina nguvu kuliko watu wanavyoijua. Malalamiko yaliyosemwa kwenye mitandao hayamlazimishi mtu yeyote kujibu. Barua yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa humlazimisha.

Barua ya kwanza ni ya kuomba data yako. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kupinga itumiwe, na kutaka irekebishwe au ifutwe. Iandikie kampuni ya simu, jengo lenye kamera, chuo chako, au yeyote unayeamini ametoa habari zako kwa mtu mwingine. Eleza wewe ni nani, taja tarehe na saa unazozihoji, kisha uliza maswali mahususi: Mna data gani yangu ya siku hiyo? Mlimpa nani? Kwa msingi gani wa sheria, na je, kulikuwa na amri ya mahakama? Kanuni za mwaka 2021 zinawapa siku 7 za kukuonyesha data hiyo. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Habari na Mawasiliano inamfanya mhudumu wa simu anayenasa au kufichua ujumbe wa mteja kinyume cha sheria kuwa mhalifu.

Kwa idara za serikali, wakiwemo polisi, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, na kipengele hicho cha saa 48 kitajwe waziwazi mstari wa kwanza kabisa. Wakikataa au wakinyamaza, rufaa huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua ya pili ni malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye afisi yake iko Britam Tower, Upper Hill. Ambatisha nakala ya barua ya kwanza, majibu yake, picha za skrini na nambari ya OB. Afisi hiyo inatakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90, inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka, chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, na kifungu cha 65 kinakuruhusu kudai fidia. Utajibiwa pengine kwamba usalama wa taifa unaiondoa data hiyo katika sheria. Msamaha huo upo katika kifungu cha 51, lakini una masharti, na anayeudai anapaswa kuonyesha kwamba ulihitajika. Ibara ya 24 ya Katiba inamtwika serikali mzigo wa kuthibitisha kwamba haki ilipunguzwa kwa kiasi cha lazima tu. Ulizeni uthibitisho huo kwa maandishi. Mwenendo mbaya wa afisa mmoja mmoja, kama kupiga au kuvunja simu, upelekwe IPOA.

Yakishindikana yote, Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yake, kwa niaba ya asiyeweza kwenda, au kwa maslahi ya umma. Hakuna ada ya kufungua shauri la namna hiyo, na mahakama inaweza kulipokea hata likiwa limeandikwa kwa njia isiyo rasmi, yaani barua ya kawaida iliyopelekwa katika mahakama za Milimani ikieleza nani alifanya nini, lini, na ni haki ipi iliyovunjwa. Iambatanishe na nakala za barua zote ulizokwisha kuandika, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.